Kona za Gombori

Dada Nazibrola,

Hatujambo, na zabibu zimeiva mapema. Ila gari kuukuu la Baba litanitia wazimu! Wiki tatu nimelala chini yake, nikabadilisha springi na shokapu, mpaka sasa linakata kona za mlima wa Gombori bila kuyumba. Jumapili nikawapeleka wazee shambani, wamekaa kiti cha nyuma kama kawaida. Tulipofika, Baba akanifokea pembeni:

"Umeliharibu! Rudisha vya zamani!"

"Baba, si lilikuwa linapepesuka kama mlevi?"

"Ndiyo! Na kila kona mama yako alikuwa akiniegemea begani."

Hawasemezani tangu Mama akusaidie kutoroka na mumeo, unajua.

Basi niko tena chini ya gari, narudisha springi zilizochoka, huku natukana.

Nduguyo mwenye grisi hadi masikioni,
Malkhaz