Kitanda cha Koku Ukutani

Chang'ombe,
Dar es Salaam,
14 Februari 1954.

Mpendwa dada Apolonia,

Shikamoo dada. Ma hajambo? Mgongo wake umepoa, au bado anang'ang'ania kwenda shambani? Sie huku wazima, ila joto tu. Baba Koku anakusalimu sana.

Barua yako nimeipata. Umesema ukija Pasaka utamchukua Koku akakae nanyi Bukoba mpaka nimalize masomo. Najua umenionea huruma. Nililia, nikaanza kuona labda ni heri aende, maana mwalimu wetu, Bi Margareta, alishanikataza kuingia na mtoto darasani.

Sasa sikia. Darasa letu la akina mama limehamia kwenye jengo la zamani la chuo cha ualimu. Dada, ungeliona lile jengo. Matao barazani, boriti za mikoko darini, na kuta za mawe ya matumbawe, nene ajabu. Nje jua linachoma, ndani ni kama umekaa kando ya mtungi wa maji.

Mlinzi wake, Mzee Mwishehe, alibeba chokaa likijengwa, akiwa kijana. Anasema lilianza likiwa nyumba ya Mjerumani, vita vikaligeuza hospitali, kisha likawa ghala la pamba, ndipo likawa chuo. "Walijenga kama watu wasiotaka kuondoka," aliniambia. "Wameondoka, nyie mnasoma." Sasa anadai litakuwa hata chuo kikuu, na ufunguo atashika yeye.

Ukutani mwa darasa letu, karibu na sakafu, mna kidaka, uwazi mrefu wa kuwekea vitabu. Jumatatu sikuwa na wa kumwachia Koku, nikaingia naye hivyo hivyo, akanilalia mgongoni. Nikamtandikia kanga humo, nikakaa mbele kumziba. Bi Margareta alifika kukagua hesabu zangu, akamwona. Akainama, akapapasa ukuta.

"Huyu kapata ubaridi kuliko mie," akasema. "Mwache. Akilia, mtoke wote wawili."

Wiki inaisha, hajalia. Akiamka anakwangua chokaa kwa kucha, namfuta vidole, naendelea kuandika.

Msalimie Ma, shemeji Nikodemu na shangazi Auleria. Mungu awalaze na kuwaamsha salama.

Pasaka njoo, dada, tunakungoja kwa hamu. Ila ukirudi, utabeba nazi na samaki wakavu tu. Koku nabaki naye.

Mdogo wako akupendaye,
Yustina