Jina la Kampuni Pembeni

Jumatatu, 4 Machi
Nimechapisha tena mchoro wa tangi la maji la Leparua. Niliuchora kwa karatasi kubwa. Bosi wangu Mutembei anaubana kwenye karatasi ya barua kwa sababu printa yetu haimezi nyingine. Vipimo vimekuwa punje za wimbi. Jina la kampuni yake, lenye mikia na mapambo, limekula robo ya ukurasa. Nimekasirika. Nimepeleka hivyo hivyo.

Alhamisi, 7 Machi
Leparua. Guyo, fundi mkuu, amefunga bomba la kutolea maji sentimita kumi na tano kutoka sakafuni. Niliandika arobaini na tano. Ile nne ilimezwa na mstari, ikaonekana moja. Hapo chini watu wangekunywa tope. Bahati saruji inamwagwa Jumatano. Guyo aliona aibu. Mimi zaidi.

Ijumaa, 8 Machi
Nimemweleza Mutembei. Eti Guyo anunue miwani. Eti mwenye macho haambiwi tazama. Basi apewe kitu cha kutazama! Jina lisiguswe, amesema. Atakayeligusa atafute kazi kwingine. Nimerudi nyumbani Kiwanjani na hasira, hata chai imenishinda.

Jumamosi, 9 Machi
Ofisi tupu. Nimeligusa.
Herufi nyofu, bila mikia. Mchoro mmoja nimeugawa karatasi tatu. Tarakimu nimezipima kwa rula kwenye karatasi yenyewe, si kwenye skrini: milimita tatu na nusu. Mistari nimeisogeza isikanyage namba. Nafasi haikutosha, kwa hivyo jina la kampuni limeenda pembeni, chini, dogo. Nimebandika ukutani, nikarudi nyuma. Nasoma yote. Sijuti hata chembe.

Jumatatu, 11 Machi
Karatasi zimemfikia Guyo. Mutembei amejua. Amefoka mpaka watu wa duka la jirani wakachungulia. Nirudishe jina na niombe msamaha, ama Ijumaa niache funguo za ofisi. Nimekataa. Nikifukuzwa, nifukuzwe kwa mchoro unaosomeka. Naogopa.

Jumatano, 13 Machi
Leparua. Karatasi zimepigiliwa kwenye ubao. Guyo alisimama mbali, mikono nyuma, akisoma. "Hii sasa nasoma mimi mwenyewe, madam." Bomba liko arobaini na tano. Saruji imemwagwa.
Mutembei alikuja na kamati ya maji. Wakausifu mchoro, wakauliza ni wa kampuni gani. Akatafuta jina lake. Akainama mpaka pua ikakaribia karatasi.
Baadaye akaniuliza, polepole, kama jina haliwezi kukuzwa kidogo. Nikamwambia nitaangalia kama kuna nafasi.
Habari ya Ijumaa hakuitaja tena. Funguo bado ninazo.