Bwana Harusi wa Bati

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: kama lilivyo kwenye kitambulisho nilichomkabidhi mpelelezi. Mtaani naitwa Mama Cherehani.
Umri: miaka 61.
Kazi: fundi wa nguo.
Makazi: nyumba yenye geti la kijani, ng'ambo ya barabara, mkabala na kwa kaka yangu mkubwa.
Uhusiano na wahusika: mlalamikaji ni kaka yangu, baba mmoja mama mmoja. Marehemu alikuwa rafiki yake.

Natoa maelezo haya kwa hiari yangu. Nimeonywa kwamba nikisema uongo naweza kushtakiwa. Nimemjibu mpelelezi kwamba kama ningetaka kusema uongo ningebaki nyumbani, maana katika jambo hili wa kuusema wameshajitokeza wengi.

Kaka yangu ni fundi saa mstaafu, mtaani wanamwita Mzee Saa. Anakusanya vitu vya zamani vya kuchezea watoto, vile vya bati vinavyotembea kwa springi: magari, ndege, kuku wa kudonoa. Chumba chake cha mbele kimejaa rafu, kutoka sakafuni hadi darini. Wenzake katika shughuli hiyo walikuwa wawili, mwalimu mmoja mstaafu na kinyozi wa pale kona ambaye sote tulimwita Wembe. Wembe ndiye marehemu. Kila Jumamosi alasiri walikutana kwa kaka, wakazungusha funguo, vitu vikakimbia sakafuni na wazee watatu wakavifuata kwa magoti. Mimi nilikuwa nikipita dirishani nawauliza kama chekechea bado inapokea watoto.

Walikuwa na desturi yao, nayo ndiyo iliyonileta hapa. Waliiita rehani. Ukitamani kitu cha mwenzako unakwenda kukichukua rafuni, hata kama mwenyewe hayupo, na mahali pake unaacha cha kwako. Huombi ruhusa, wala huandiki popote. Jumamosi unarudisha. Kila mmoja alikuwa na ufunguo wa nyumba ya mwenzake kwa ajili hiyo. Waliishi hivyo zaidi ya miaka ishirini na sikusikia hata msumari umepotea.

Kitu kinachodaiwa kuibiwa ni kima wa bati anayepiga ngoma. Amevaa koti jekundu, kwa hiyo tulimwita Bwana Harusi. Zamani alikuwa wa Wembe. Wiki tuliyomzika wifi yangu, Wembe alikuja naye, akamwambia kaka wabadilishane, akaondoka na ndege wa bati asiye na bawa moja. Hata mimi nisiyejua kitu niliona kwamba hayo hayakuwa mabadilishano. Mtu alikuwa anamfariji mwenzake bila kumwaibisha.

Bwana Harusi alikuwa na kilema. Mkono wake wa kushoto ulikufa miaka mingi iliyopita, akawa anapiga kwa wa kulia tu. Na ukishamzungusha ufunguo hasimamishiki, mpaka springi iishe yenyewe. Kaka alikuwa akiahidi kila mwaka kuutengeneza ule mkono. Mtu aliyetengeneza saa za mji mzima! Lakini mganga hajigangi.

Mwezi wa pili mwaka huu walikuja watu wa runinga, wa kile kipindi cha kuingia na kamera majumbani kwa watu wakitafuta vitu vya zamani na kuvitajia bei. Nilikuwepo, nilishona hata pazia la kuficha ukuta uliobanduka rangi. Walimfanya kaka afungue mlango mara nne ili ashangae vizuri. Mthamini wao alimshika Bwana Harusi kwa glavu nyeupe, akasema kwamba kama angekuwa na boksi lake, na kama asingewahi kuzungushwa ufunguo hata siku moja, angeuzwa kwa bei ya kiwanja. Kamera zilipozimwa nikamuuliza, na huyu alivyo je? Akaniambia, "Huyu alivyo, mama, labda cherehani. Iliyotumika." Tukacheka.

Kipindi kiliporushwa, ile "kama" haikuwepo. Wameikata. Alionekana mthamini akisema bei ya kiwanja, halafu uso wa kaka ukishangaa kwa ile mara ya nne, halafu muziki. Nilimkumbusha kaka maneno tuliyoyasikia wote wawili kwa masikio yetu. Akanijibu, "Wangekuwa wamekosea wasingeonyesha."

Kuanzia hapo mtaa ulipata wazimu. Wauza mitumba waliokuwa wakimpa kaka magari mabovu kama nyongeza sasa walitaka fedha ambazo kwa pensheni yake asingezipata, na mkusanyaji mkubwa kuliko wote mtaani akawa hawezi kununua hata tairi. Jirani yangu wa kushoto alimnyang'anya mjukuu wake gari la bati, akalifunga kwenye nailoni na kuliweka juu ya kabati. Mtoto alilia wiki nzima. Wakaanza kuja wanunuzi kwa kaka, watu wa viatu vya kung'aa, wakimwambia kitu asili hakiguswi, hakitengenezwi, hakizungushwi. Kaka akamvisha Bwana Harusi mfuko wa plastiki. Wenzake walipokuja Jumamosi, alitoka mlangoni akasema kichwa kinamuuma. Kikamuuma Jumamosi zote zilizofuata.

Hakuwaambia kwamba rehani imekwisha. Naomba hilo liandikwe kama nilivyolisema. Hakuwaambia, na hakudai funguo zake.

Wembe alinijia mwezi wa tano nimpunguzie shati. Akaniuliza, "Dada, kaka amenuna nini? Nimemkosea?" Nikamwambia hujamkosea, runinga imempanda kichwani, mpe muda. Akasema, "Ananiona kama mtu anayetaka kurudishiwa kitu chake. Mimi nilikitoa kwa moyo mweupe." Alikuwa mtu wa utani, ila siku hiyo hakutania.

Mnamo Ijumaa tarehe 6 mwezi wa sita, kiasi cha saa kumi na moja jioni, nilisikia kaka akipiga kelele nikavuka barabara. Alikuwa na mnunuzi mmoja chumbani. Mfuko wa plastiki ulikuwa umekunjwa vizuri juu ya rafu, Bwana Harusi hayupo. Mahali pake palikuwa na basi la bati la buluu. Basi hilo nalijua. Ni la Wembe tangu alipokuwa mtoto, na katika miaka yote ile hakuwahi kuliacha rehani kwa mtu yeyote, hata wenzake walipombembeleza. Nikamwambia kaka, "Tazama alichoacha. Hii ni rehani." Akasema, "Ameniwekea takataka nisigundue mapema. Hili basi halina hata bei." Nikamwambia kesho ni Jumamosi, subiri kesho. Mnunuzi alikuwa ameshatoka barabarani na simu yake, na kabla ya magharibi mtaa mzima ulijua kwamba kwa Mzee Saa kumeibiwa kiwanja.

Mnamo Jumamosi tarehe 7, karibu saa tisa alasiri, nilikuwa kwenye cherehani. Cherehani yangu iko dirishani kwa ajili ya mwanga, na kutoka pale naiona barabara yote hadi kona ya kinyozi. Nilimwona Wembe akitoka upande wa kibanda chake, anakuja upande wetu. Alivaa lile shati nililompunguzia. Mikononi alikuwa na kitu amekifunga kwenye taulo la kinyozi, amekishika kama anavyoshikwa mtoto mchanga. Alitembea taratibu na uso wake ulielekea geti la kaka. Aliponiona alinipungia mkono.

Mpelelezi ameniuliza kama nina uhakika alikuwa anakuja, kwa kuwa mashahidi wengine wanasema alikamatwa akikimbia. Nina uhakika. Mtu anayekimbia na mali ya wizi hampungii mkono dada wa mwenye mali.

Kaka alikuwa kibarazani. Alimwona, akaliona taulo, akasimama na kupiga kelele, "Mwizi huyo! Mwizi!" Wembe aligeuka nyuma kutazama nani anaitwa mwizi. Mimi nilimwona anageuka.

Yaliyofuata daktari ameshayaandika, sitayarudia. Niliangusha mkasi nikatoka. Waliomvamia walikuwa wengi, na mmoja wao alikuwa akihesabu mapigo kwa kusema "kiwanja, kiwanja." Wengi wao wamenyolewa na mikono yake tangu wadogo. Nilipiga kelele mpaka sauti ikaniisha. Walipomwacha, nililaza kichwa chake kwenye aproni yangu. Taulo alikuwa bado amelikumbatia. Alisema, "Dada, mwambie azungushe ufunguo." Nikamwambia usiseme, gari linakuja. Akarudia, "Mwambie tu azungushe." Hakusema tena. Alifariki hospitalini Jumapili asubuhi, na askari walikuwa wameshachukua taulo na kilichomo kama kielelezo, kwa hiyo ujumbe wake sikuwa na mahali pa kuufikishia.

Nikiulizwa kama nina chuki na kaka yangu, sina. Amenilea. Jana nilimpelekea chai. Amekaa kwenye kile chumba, madirisha yamefungwa, basi la buluu liko mapajani. Akaniuliza, "Umeitwa kituoni?" Nikasema nimeitwa. "Utasema nini?" Nikasema nitasema nilichokiona. Akasema, "Mimi ni kaka yako." Nikamwambia, "Ndiyo maana nimekuletea chai."

Najua maelezo haya yanapingana na aliyoyatoa yeye, na najua yanaweza kumfikisha wapi. Nimelia usiku na mchana kwa sababu hiyo, na si kwa Wembe peke yake. Ulimi hauna mfupa, na maji yakimwagika hayazoleki. Lakini kwenye karatasi zenu Wembe ameandikwa "mtuhumiwa wa wizi", na atazikwa kesho na neno hilo. Ana binti anayefundisha shule, ana wajukuu. Naomba neno hilo lifutwe. Mwizi haachi rehani.

Niliyoyasema hapa niliyaona kwa macho yangu na kuyasikia kwa masikio yangu, na nimesomewa yote nikayakubali.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)
Tarehe: 10 mwezi wa sita

MAELEZO YA AFISA

Maelezo haya yameandikwa nami kituoni kuanzia saa nne asubuhi. Shahidi alikuwa na akili timamu. Hakuahidiwa wala kutishiwa kitu.

Baada ya kutia sahihi, shahidi alionyeshwa kielelezo, kima wa bati mwenye koti jekundu na ngoma, akamtambua bila kusita. Ndani ya taulo lililomfunika mlikuwa pia na bisibisi ndogo na kipande cha waya mpya wa springi. Shahidi aliomba ufunguo uzungushwe kwa kuwa ndivyo alivyoagizwa na marehemu. Niliuzungusha mwenyewe mbele yake.

Kielelezo kinafanya kazi. Mikono yote miwili inapiga, wa kushoto sawasawa na wa kulia. Hakuna mahali popote kwenye jalada panapoonyesha kwamba mlalamikaji au mtu mwingine yeyote aliwahi kukijaribu tangu kilipopatikana.

Shahidi alifunika uso na kuniomba nikisimamishe. Nilijaribu, haikuwezekana. Tulisubiri wote wawili mpaka springi ikaisha.