Zege la Maabara

Dada Zuhura, shikamoo huko Tanga. Mie mzima, ila joto la Dar linanipika ndani ya koti la maabara.

Si unajua kazi yangu hapa chuoni ni kuvunja zege? Basi mkandarasi anayejenga ghorofa Bunju alituletea vipande vya kupima, pamoja na sufuria la pilau. Tukala, tukaweka kipande kwenye mashine ya kubana. Mashine ikaguna, ikatetemeka, zege likatutazama tu. Profesa wangu akasema hilo lingebeba mlima, akanituma Bunju nikachukue zege hilohilo kwa ajili ya utafiti wangu.

Leo nimefika, nimewakuta wanamwaga nguzo. Nikaikwaruza nguzo ya juzi kwa ufunguo wa chumba changu, ikamomonyoka kama biskuti kwenye chai. Nikamuuliza msimamizi, "Braza, lile zege mlilotuletea liko wapi?"

Akanishangaa kweli. "Lile la maabara? Lile tuliwakorogea nyie wasomi kwenye karai, saruji hatukuibania. Hili ni la nyumba tu." Halafu akanionyesha kwa fahari chumba cha chini, ambacho kitakuwa shule ya chekechea.

Nimebeba donge la nguzo hiyo, kesho linaingia kwenye mashine. Profesa atanuna, maana ile pilau ilimkolea. Wewe mwambie mama, mafundi wakija kumwaga nguzo za nyumba yetu, awadanganye kwamba anajenga maabara.

Nawakumbuka mno.
Mdogo wako, Hamisi