Homa Yenye Wazazi Wawili

Morogoro

Mama yangu,

Shikamoo. Mgongo umepoa? Na huko Biharamulo mvua imefika, au mnaiangalia ikipita kwenda kwa wenzenu? Mimi mzima, na leo nina furaha kwelikweli.

Unajua nilikuwa kwenye miezi ya majaribio. Nikishindwa, narudi nyumbani, na Baba Mdogo alishasema kupanga maneno kwenye kompyuta si kazi. Nilipewa magonjwa ya ng'ombe niyapange, mfugaji aulize kwa simu na kujibiwa. Nikayapanga kama matawi ya mti, kila jambo chini ya mzazi mmoja. Homa nikaiweka chini ya kupe.

Siku ya kujaribu, mzee mmoja Mmaasai alikuja ofisini, akaandika kwenye simu kwamba ng'ombe wake ana homa. Simu ikamjibu kupe, kupe, kupe. Akanitazama kwa huruma.

"Binti, kwangu kumejaa mbung'o. Hii simu yako haiwajui?"

Bosi akaandika kitu kwenye daftari lake, nami nikaogopa kuliko kama angefoka.

Nikapangua yote. Homa nikaipa wazazi wawili, kupe na mbung'o, maana hata mtoto ana kwao kwa baba na kwao kwa wajomba. Mashine ikakubali! Nikanogewa, nikazidisha: kukonda huleta udhaifu, udhaifu humfanya ng'ombe asile, kutokula kukazaa tena kukonda. Mashine ikazunguka humo humo, haitoi jibu. Mwenzangu Rehema akaja kuangalia.

"Wazazi wawili sawa, Minza. Lakini mtu hamzai bibi yake."

Nikamwambia kwetu anamzaa, kwani wewe unaniita mama tangu nizaliwe, kisa nina jina la mama yako. Tulicheka hadi machozi. Kisha nikakata ule mshale uliotoka kwenye kutokula kurudi kwenye kukonda, kila kitu kikawa kinashuka tu.

Mzee alirudi kujaribu. Safari hii simu ilimtajia kupe na mbung'o pia, ikamuuliza dalili nyingine, ikamshauri amwite daktari wa mifugo. Akasema sasa inauliza kama mtu aliyewahi kuchunga.

Jana bosi alinipa mkataba wa kudumu. Nilijifungia chooni nikalia, Mama, kwa kuwa begi langu nilikuwa nimeshalifunga.

Msalimie Baba, Shangazi wa Ngara, na dada yangu Kabula na mwanawe. Mungu awatunze hadi tuonane.

Leo nimelifungua begi, nguo zangu zinaning'inia ukutani.

Mwanao,
Minza