Sauti Yangu Uliyotuma mu Grupu ya Fromaji

Walikale, kwa shangazi yako

Bahati,

Huna haya wewe! Mimi nyanya yako nilikulea, nikakufundisha kukamua ngombe, na wewe unachukua sauti yangu kufukuza watu ku soko?

Sasa nikusalimie, juu sikulelewa kama mbwa. Kirolirwe munaamukaje? Ngombe wanapata majani? Muke wako, mimba yake inaendelea muzuri? Mimi niko muzima, ni magoti tu yananisumbua. Huku pori mvua haiachi, tunakula sombe ya majani ya muhogo na nyama ya pori, lakini maziwa hakuna. Kila mara ukinitumia fromaji, ile jibini ya maziwa yetu, wakwe wa shangazi yako wananusa, wanacheka, kiisha wanaomba tena. Nilikuwa najivuna: ile ni kazi ya mujukuu wangu.

Kisha ile siku watu walikimbia soko ya Sake, Papa Kambale, ule muchuuzi wa Butembo mwenye duka huku, aliingia mu lupango, mu uwanja wa nyumba ya shangazi yako. Nilimupa kiti, akakataa.

"Mama, ni wewe njo ulikimbiza batu ya Sake?"

Nikacheka. "Mimi? Na magoti haya nikimbize nani, Papa? Kuku?"

Hakucheka. Akafungua telefone mbele ya wakwe wote. Nikasikia sauti yangu mule ikilia: "Mama zangu, wako njiani, acheni vyote, kimbieni!"

Bahati, nilisema ile maneno siku tulikimbia vita kweli, mimi na mama yako, na wewe ulibaki nyuma na ngombe. Niliwatumia wamama ile sauti juu niliwapenda. Wewe uliitunza mu telefone kama silaha. Usijaribu kukana, mama yako alinipigia akilia, ulimuungamia yote na ukamukataza kusema. Uliona wamama wengi wanashuka na fromaji, ukaogopa bei itaanguka. Ukatuma sauti yangu mu grupu yenu ya kuuzisha, na nimero isiyo na jina, ulizani watarudia njiani na wewe ubaki peke yako na wanunuzi wa Goma. Mujinga! Habari ya vita haikai mu telefone moja. Soko nzima ilikimbia, na wewe pia ulikimbia uongo wako mwenyewe. Mama Sifa, jirani yetu, alianguka na kitunga ku kichwa, mguu ukavunjika. Leo yuko ku hospitali ya Kirotshe. Ule mama alinificha mu jikoni yake wakati wa vita, unajua?

Papa Kambale alinielezea mambo ya Leta, serikali yetu. Mara ya kwanza, juu ya uongo kama huu, walikata rezo yote, telefone hazikuita tena. Fromaji ikabaki ku mbao ikapasuka, hakuna wa kuagiza, na ndugu wakapotezana. Wachuuzi wakaenda kulalamika. Sasa wanatafuta katikati: biashara ya telefone iendelee, lakini kila grupu ya kuuzisha iwe na mukubwa anayejulikana, na mwenye kutuma habari ya hatari ajitaje jina. Grupu yenu wanaingojea mpaka siku ya soko inayokuja. Aliyetuma asipojitokeza, wanaifunga, na wale wamama wajane watauzia wapi?

Nilimujibu kwa hasira: "Leta inajua kufunga tu!"

Akasema, "Mama, kama kila mutu anaweza kututisha mule, tutauzia wapi?"

Niliangalia chini. Tangu siku ile, wakwe wakiniamkia, ninajibu na macho ku miguu.

Lakini haya yangu si kitu. Siku watu wa vita wakikuja kweli, nikiwaita wamama wakimbie, nani atanisikiliza? Watasema, ah, ule mama wa fromaji. Na watakufa wakikaa.

Usiniombe nitume sauti ingine kukutetea. Huku pori, mwenye kupiga ngoma ya hatari bure, anachinja mbuzi, anapikia wale walikimbia, anawagawia na mikono yake, na yeye hakuli. Na wewe utafanya vile vile.

Salamia mama yako, umwambie sikumukasirikia. Salamia muke wako, abebe mimba pole pole, na baba mudogo wako mwenye kuchunga ngombe. Katekista wa kwetu aniombee, lakini asiulize sababu.

Ni mimi nyanya yako, mama ya baba yako, mwenye kuandika mubaya lakini wazi.

Ukisoma hii, simama. Enda kwanza Kirotshe, upige magoti mbele ya Mama Sifa. Siku ya soko, peleka ule mbuzi wako mwekundu Sake, ujitaje jina mbele ya wakubwa na wamama wote, kiisha ufute sauti yangu wakikuona. Halafu utume yako mu grupu, useme: ni mimi Bahati, nilidanganya. Wakikula ule mbuzi, wewe usimame tu.