Chaki Sakafuni Kwenye Nyumba ya Watawa

Jumamosi, Julai. Baridi kavu ya Johannesburg, ile ya kuchoma masikio huku jua linawaka. Roho yangu nayo si safi.

Niseme wazi: wiki nzima nimemshuku mtu.

Kanisa letu la Kiswahili limechoka na ukumbi wa kupanga kule mjini, na sasa limepata nyumba ya zamani ya watawa hapa mtaa wa Observatory. Watawa wale walikuja kutoka Ulaya na ramani ya monasteri yao ya zama za kati, wakaijenga vilevile: ua wa mraba katikati, matao pande zote nne, kanisa refu kaskazini, bwalo la chakula kusini, vyumba vya kulala ghorofani mashariki. Mimi ndiye msanifu majengo wa kamati ya ukarabati. Nikachora bwalo liwe darasa la watoto la Jumapili. Ni kubwa, lina madirisha marefu, nililipenda.

Papa Kasongo, seremala kutoka Lubumbashi, ndiye aliyeshika funguo. Alipoiona ramani yangu alitikisa kichwa. "Maman, hii nyumba inaangalia mubaya." Nikadhani ni ushirikina. Nikamkata: ramani ikishapitishwa haichezewi.

Baada ya hapo akaifunga ghorofa ya mashariki. Kila nikiuliza, "Acha kwanza, Maman." Kwanza nini? Jumatano nikachungulia kwenye tundu la ufunguo. Sakafuni kulikuwa na mistari ya chaki, kila mmoja na namba yake: 9, 10, 11. Kule mjini nimeona majengo mengi yaliyogawanywa hivyo, mstari, pazia, kitanda, mpangaji. Nikasema, huyu anawapangisha ndugu zake nyumba ya Mungu. Tena nikajiuliza, kama hivi ni vitanda, vya namba moja hadi nane viko wapi?

Ndivyo nilivyofikia kumshuku.

Jana nikayaandika hayo kwenye kundi la simu la wazee wa kanisa. Wakenya wenzangu wakajibu upesi, amina juu ya amina. Leo asubuhi nikamdai funguo mbele ya watu kumi na wawili waliokuja kufanya usafi. Alizifuta vumbi kwa kofia yake, akanipa.

"Sawa, Maman. Lakini usipanguse ile chaki."

Nikapanda na simu mkononi, tayari kupiga picha za ushahidi. Hapakuwa na kitanda, wala pazia. Palikuwa na joto, mpaka nikavua skafu. Mwanga wa dirishani ulikuwa umelala sakafuni, na ukingo wake umekaa sawasawa juu ya mstari wa namba 10. Nikatazama simu. Ilisema 10:00. Saa nne kamili.

Papa Kasongo alikuwa anapima jua.

Nikashuka mbio hadi bwaloni. Hakuna mstari hata mmoja, kwa sababu hakuna jua hata kidogo. Kivuli cha kanisa kilikuwa kimeufunika ua wote. Ulaya jua hukaa kusini, kanisa la kaskazini haliwazibii kitu. Huku jua liko kaskazini. Watawa waliinakili ramani bila kuigeuza, nami na shahada yangu nikalinakili kosa lao. Chuoni nilifundishwa hilo, lakini nimekulia Nairobi ambako jua hupita utosini, sikujali. Watoto wetu ningewaweka kwenye friji kila Jumapili; yeye alikuwa anawatafutia chumba chenye jua.

Nikataka kumkasirikia. Mbona hakuniambia? Aliniambia. Mimi ndiye niliyemkata. Na mlango aliufunga ili wafagiaji wasiifute chaki, ni hivyo tu.

Sasa ninayemshuku ni mimi. Angekuwa Mkenya mwenzangu, mwenye tai na kazi ya benki, ningeinama kwenye tundu la ufunguo?

Naona aibu, na nastahili.

Funguo ziko hapa mezani. Mara tatu nimeandika ujumbe wa kuomba radhi kwenye kundi, mara tatu nimeufuta. Kwenye simu ni rahisi mno. Nilimpokonya hizi funguo mbele ya watu kumi na wawili, na kesho kanisa litajaa. Nitakuwa na uso wa kumrudishia mbele ya wote?